Mihuri Arobaini na Mmoja

Biryogo, Nyamirambo
Kigali
Alhamisi usiku

Binti wa kaka yangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia Jumatatu kwa mkono wa yule dereva uliyempa mzigo pale Mwanza, pamoja na dagaa, ambao mpaka leo wamebaki kiganja kimoja. Nilimpigia baba yako usiku uleule tukaongea mpaka salio likakata. Anajivunia wewe, ingawa najua mbele yako hatasema.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, utakaa wapi, hilo si la kuuliza. Chumba cha uani kimeshapakwa chokaa. La pili ndilo limenikesheza siku tatu hizi. Umesema kazi uliyopata ni ya mwaka mmoja, kwamba utazunguka Gitega, Kimisagara na huku kwetu Nyamirambo ukiwaandikisha wanawake walio katika mazingira magumu waingie kwenye huduma za fedha, na kila mwisho wa mwezi utapeleka hesabu: akaunti ngapi zimefunguliwa, mikopo mingapi imetoka, marejesho ni asilimia ngapi. Ukamalizia, "Shangazi, wewe umekaa na vikundi vya akina mama miaka yote hii. Nianzie wapi?"

Nitakujibu kama mtu aliyeshika daftari la kikundi. Na humu ndani kuna jambo ambalo hata baba yako sijawahi kumwambia.

Kwanza ujue unakuja mahali ambapo kazi imefanyika. Mwaka 2008, utafiti wa FinScope ulikuta asilimia 52 ya watu wazima wa Rwanda wako nje kabisa. Hawana benki, hawana hata kikundi cha kuwekeana akiba. Mwaka 2020 waliobaki nje walikuwa asilimia 7. Mwaka 2024 wakawa asilimia 4. Mimi mageuzi hayo nimeyaona yakipita mbele ya mlango wangu. Kuanzia 2009 zilianzishwa Umurenge SACCO 416, moja kwa kila umurenge (kwenu mngesema kata), na kwa mara ya kwanza mama wa mlimani akawa na dirisha la fedha anakokwenda kwa miguu na kurudi kabla maharage hayajaungua. Mwaka 2010 ikaja MoMo kwenye simu. Kisha Machi 2020, tulipofungiwa ndani kwa ajili ya korona, ada za kutumiana pesa kwa simu ziliondolewa kwa miezi mitatu, na wazee waliokuwa wakiogopa kubonyeza namba wakajifunza kwa lazima. Leo hii muuza nyanya chungu wa soko letu amebandika namba ya kulipia kwenye ndoo yake.

Kwa hiyo utakapobisha hodi, mama utakayemkuta karibu hakika ana kitu: laini, kitabu cha SACCO, au ikimina, yaani kikundi cha kuwekeana akiba. Kumwandikisha itakuwa kazi nyepesi kuliko zote. Utajaza karatasi, utampiga picha, atatia kidole, utahesabu mmoja. Mimi nataka uulize kinachofuata. Pesa ikishafika, neno la mwisho ni la nani?

Nina sababu ya kuuliza hivyo. Mapema miaka ya tisini, nikiwa bado bibi harusi mpya, nilikuwa nashona nguo za watoto na faranga zangu nazifunga kwenye pindo la khanga. Siku moja nikajipa moyo, nikaenda mjini kufungua akaunti. Kijana wa dirishani alikuwa mpole tu. Alinipa fomu, akaniambia nirudi na mume wangu aje atie sahihi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuja akatia sahihi huku anatabasamu, na njiani akaninunulia soda. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Lakini nilirudi nyumbani nikijua kwamba kitabu kina jina langu na ufunguo wake uko kwa mtu mwingine. Kama angekuwa na moyo mwingine, soda ile isingekuwepo, na akaunti vilevile.

Wanawake wa nchi hii hawakungoja waletewe. Tangu 1987 walikuwa wameanzisha Duterimbere, jina ambalo maana yake ni tusonge mbele, ili mwanamke asiye na dhamana apate mkopo. Baada ya mauaji ya kimbari, Januari 1995, wajane 50 walikutana wakaunda AVEGA Agahozo. Hebu fikiri hali yao: wanalea watoto wao na wa marehemu, na shamba la mume si lao, la baba si lao. Ilichukua mpaka Novemba 1999 kupatikana sheria ya mali za wanandoa na mirathi, ambayo ilimpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Ukikutana na mabibi wa umri wangu, usiwaeleze uwezeshaji. Wasikilize kwanza wakueleze walivyoishi kabla ya 1999.

Hapa nikuonye jambo ambalo mafunzo ya kazini huenda yasikugusie, na kwa mtaa wetu ni kubwa. Sheria za hapa zinatambua ndoa ya serikali peke yake, mume mmoja na mke mmoja. Sisi Waislamu wa Biryogo wengi tuna nikaha na tunaridhika nayo. Mimi mama mkwe wangu alishikilia twende pia tukaandikwe komyuni, akasema karatasi haigombani na dini. Mume wangu alipofariki, karatasi ile ndiyo iliyobakisha paa hili juu ya wanangu. Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikuwepo mama mwenye watoto wanne na nikaha tu. Mashemeji walikuja kabla eda haijaisha. Walichukua nyumba na walichukua cherehani. Mama yule alikuwa na akaunti, na akiba yake ilikuwa inazidi yangu. Ilimfaa kulipa kodi ya chumba kimoja miezi mitano. Halafu, kati ya 2009 na 2013, ardhi ya nchi nzima ilipimwa na kuandikishwa, vipande zaidi ya milioni 10, na mke mwenye ndoa iliyoandikwa akaingia kwenye hati pamoja na mumewe. Asiyeandikwa alibaki kutegemea huruma ya mwanamume. Ukikaa na mama, kabla hujamuuliza kama ana akaunti, muulize ndoa yake imeandikwa wapi. Ukiona ameangalia chini, jua kazi imeanzia hapo.

Sasa nikupeleke kwenye ikimina chetu, maana ndiko utakakoshinda muda mwingi. Wewe umekulia kwenye vikoba, kwa hiyo mengi utayatambua. Mtindo huu wa sanduku na hisa ulianza Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake ambao wengi hawakujua kusoma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika mpaka Zanzibar, kwenye vijiji vya msitu wa Jozani. Lakini usimwambie mtu hapa kwamba ibimina vililetwa. Bibi zetu walikuwa wakipeana zamu tangu zamani, kama upatu huko kwenu na likelemba kwa ndugu zetu wa Bukavu.

Tunakutana Alhamisi baada ya alasiri, uani kwangu. Tuko 24. Sanduku letu ni la bati, rangi ya bluu iliyochubuka pembeni, na lina kufuli tatu. Wenye funguo ni watatu, nami ni mmoja wao, kila mmoja nyumba yake, na anayelala na sanduku hana ufunguo wowote. Mwenyekiti akishasalimu, wale watatu wanasimama mmoja mmoja wanafungua, na uwanja wote unanyamaza mpaka kufuli ya tatu ilie. Hisa moja ni faranga 500. Unanunua moja mpaka tano, na kwa kila hisa katibu anagonga mhuri wa ua kwenye kitabu chako. Pembeni kuna bakuli la plastiki la ingoboka, faranga 200 kila wiki, kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Fedha zinahesabiwa kwa sauti. Kabla hatujafunga, kila mtu anakariri kiasi kilichobaki, na juma linalofuata tunaanza kwa kuulizana. Mwenzetu mmoja hajui kusoma hata jina lake, na hajakosea kiasi hicho hata mara moja. Mwisho wa mwaka tunagawana; kwa Kinyarwanda husema kurasa ku ntego, kulenga shabaha, kwa sababu kila mmoja alishataja mwanzoni pesa zake ni za nini: bati, ada, mbuzi, kitanda.

Nakipenda kikundi hiki. Kimenisomeshea watoto wawili. Ndiyo maana ninayokuandikia sasa yananiuma.

Mwaka 2014 tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa akiuza kwa agataro, ile sinia ya kichwani, parachichi na ndizi mbivu, mtoto mgongoni. Jina lake nitakutajia ukifika. Alikuwa mkimya, mwembamba, mcheshi akishakuzoea. Alikuwa na mihuri 41, yaani faranga 20,500, na kwa mtu wa agataro hiyo ni akiba ya kujinyima kweli. Akaomba mkopo wa 80,000 anunue parachichi kwa gunia badala ya kuchukua kidogo kidogo kwa walanguzi. Tulimpa, alipe kwa miezi minne, 20,000 kila mwezi na riba ya asilimia 5 kwa kilichobaki.

Mwezi wa kwanza alileta fedha zake siku ile ile, zimekunjwa kwenye leso. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Kwetu mtu akilipa kwa wakati anapigiwa makofi, na tulimpigia. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, na nakumbuka nilisema mbele ya wote, "Mwigeni huyu."

Mwezi wa tatu hakuja. Alhamisi iliyofuata hakuja. Simu haikupokewa. Tukakaa kikao, na kanuni zilisema wazi, na mimi ndiye niliyezisoma. Tukaenda watano. Alikuwa amekaa kizingitini, hakusema neno. Alisogea tu kutupisha. Tulichukua godoro, redio na sufuria mbili kubwa. Mtoto alikuwa amelala juu ya lile godoro. Mwenzetu mmoja alimnyanyua taratibu akamlaza kwenye mkeka, kwa upole, kama mtu anayefanya jambo jema. Vitu vile tuliviuza 28,000, na hisa zake 20,500 tukazikata. Jumla 48,500. Deni lililobaki lilikuwa 40,000 na riba 2,000. Zile 6,500 zilizozidi niliziandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye safu ya faini. Baada ya juma moja alikuwa amehama usiku, na hakuna aliyejua alikokwenda.

Ukweli niliujua mwaka uliofuata, kwa wifi yake niliyekutana naye kwenye foleni ya kituo cha afya. Wiki ya pili tu baada ya kupata mkopo, mtoto alishikwa na homa ya mapafu. Alikaa naye hospitalini siku tisa. Parachichi ziliozea guniani. Na ingoboka, bakuli ambalo tuliliweka kwa ajili ya siku kama hizo, hakuthubutu kuliomba, kwa sababu alikuwa hajachangia wiki nne na kanuni zetu zilisema mwenye deni la ingoboka hasaidiwi. Basi zile faranga tulizompigia makofi zilitoka wapi? Zilitoka Banki Lamberi.

Jina hilo utalisikia sana. Si benki. Ni mtu mwenye fedha mtaani anayekopesha bila kibali, kinyume cha sheria, kwa riba anayoitaka. Nyinyi mna neno lenu, kausha damu, na maana ni moja. Alikopa kwake 20,000 arudishe 26,000 ndani ya mwezi, ili sisi tupate chetu kwa wakati. Mwezi wa pili akakopa tena kulipa kwetu na kupunguza kule. Daftari langu lilimwonyesha kuwa mwanachama bora, marejesho asilimia 100, wakati ule ule alipokuwa akizama. Na kama wewe ungekuwa umekuja mwezi ule na fomu zako, ungenikuta nimefurahi, ungeandika asilimia 100 na ungekwenda zako. Usingekuwa umekosea namba yoyote.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona mama amelipa vizuri, mpongeze, kisha ngoja wenzake waondoke umuulize fedha zimetoka wapi. Uliza kwa upole, mkiwa mnachambua mchicha au mnakoka jiko. Usiulize na kalamu mkononi. Zikiwa zimetoka kwenye biashara, atakueleza mpaka bei ya gunia. Zikiwa zimetoka kwingine, atakujibu kwa neno moja tu. Na vikundi utakavyovianzisha, kaa navyo siku nzima kwenye kanuni ya ingoboka kabla hamjagusa mikopo. Sisi tulipoteza saa mbili tukibishana kuhusu rangi ya vitenge vya sare, na kanuni ile ya ugonjwa tulipitisha kwa dakika tano. Siku hizi kwetu anayeumwa au anayeuguza anasaidiwa kwanza, deni linazungumzwa baadaye, na aliyekopa akiomba kusogezewa mwezi halazimiki kujieleza mbele ya watu 24. Anamwambia mmoja wa wenye funguo, basi.

Kuna suala la simu pia. Wengi watakuambia wana MoMo. Muulize mama, ujumbe wa fedha ukiingia nani anausoma kwanza? Utashangaa. Simu ni ya mume, au laini imeandikishwa kwa jina la mume, au ni yake kabisa ila namba ya siri anaijua mtoto wa darasa la sita anayemsomea. Kwenye karatasi wote hao wameingia. Mwaka juzi nilikaa na mama wa Gitega kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, tukijifunza namba chache tu, kwa sababu hakutaka tena kumwambia wakala namba yake ya siri. Alizichagua mwenyewe, akazichora kwa kijiti kwenye vumbi, akazifuta, akazichora tena. Alipotoa faranga 1,000 peke yake kwenye kibanda cha wakala, alizihesabu mara tatu ingawa ilikuwa noti moja. Kazi ya nusu siku, mtu mmoja, na kwenye ripoti yako haitaongeza hata akaunti moja. Ifanye hata hivyo. Kama anataka kusoma, mpeleke kwenye kile kituo ambacho wanawake 18 wa hapa Nyamirambo walikianzisha wenyewe mwaka 2007. Wanafundisha kusoma na kushona, na watu wake wana subira.

Wapo watakaokukatalia kabisa, hasa wakubwa. Usiwaite wazito. Mwaka 2006 taasisi kadhaa ndogo za fedha zilifungwa hapa nchini na akiba za watu zikanasa ndani. Wapo ambao mpaka kesho hawataacha faranga yao ilale mahali wasipoiona. Mama wa hivyo mtambulishe kwa kikundi chenye sanduku la kufuli tatu, akae pembeni, atazame tu mikutano miwili mitatu. Macho yatamshawishi kuliko wewe. Na akishazoea, umwambie habari za Ejo Heza, ule mpango wa akiba ya uzeeni ulioanza Desemba 2018, maana pale hata mfanyakazi wa nyumbani au mbeba mizigo anaweka kidogo kidogo kwa jina lake mwenyewe. Mimi naweka kila mwezi. Uzee wa mwanamke anayesubiri kutumiwa na watoto nimeuona, na sitaki kuwalemea ndugu zako.

Kuhusu mikopo mikubwa, ipo. Kuna mfuko wa BDF unaodhamini hadi asilimia 75 ya mkopo wa mwanamke au kijana asiye na dhamana ya kutosha. Kwa mama mwenye duka linalotembea na hesabu zilizoandikwa, msaidie afike huko. Ujaze naye makaratasi, umsindikize, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe. Ila usimsukume mtu aweke hati ya nyumba. Nimeombwa mara mbili kuweka yangu, kwa maneno mazuri sana, nikakataa, na sijajuta. Na mama ambaye leo hajui watoto watakula nini, usimwanzishie deni kwa sababu mwezi unaisha na idadi yako haijatimia. Huyo anahitaji kazi ya kulipwa, au bima ya afya ilipiwe, au mtaji asiodaiwa. Deni kwake ni gunia la parachichi na mtoto mgonjwa. Najua una mkuu wako wa kazi na ana idadi anayoidai. Mweleze. Andika kwenye ripoti, hata kama hakuna kisanduku chake, andika pembeni kwa mkono. Ukiona wamekuchukia kwa hilo, chumba cha uani hakina kodi.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika leo, saa nne hii ya usiku, na sikungoja kesho.

Kitabu cha yule mama ninacho. Siku tulipokata hisa zake nilipaswa kukichana na sikukichana. Nilikiweka kwenye kasha la nguo zangu, chini ya buibui la Idi. Kila mwaka tunapogawana nakitoa nakiangalia, ile mihuri ya ua 41, wino umeanza kufifia, kisha nakirudisha. Leo jioni nilikipeleka uani. Baada ya fedha kuhesabiwa na kabla sanduku halijafungwa, nilisimama nikaeleza yote, tangu hospitali mpaka zile 6,500 za faini. Wengi hawakuwa wakijua. Wale watano tuliokwenda siku ile tumebaki watatu. Mmoja wao alisema, "Deni lilikuwa deni," na sikumlaumu, kwa maana ndivyo nilivyosema mimi pia. Kukawa kimya. Kisha yule asiyejua kusoma, anayekariri hesabu, akasema, "Basi tumrudishie maua yake." Mwenyekiti akauliza nani anaafiki. Mikono ilinyanyuka, mingine haraka, mingine polepole, ule wa mwenzangu wa mwisho kabisa.

Tumetoa 20,500 za hisa zake sandukuni. Kisha bakuli la ingoboka likazunguka tupu kwa ajili yake peke yake, na lilipohesabiwa kwa sauti jumla ikawa faranga 57,300. Nimezifunga kwenye bahasha ya kaki pamoja na kitabu. Ufunguo wangu nimemkabidhi mwenzangu kwa muda, wasije wakasema fedha za sanduku na za bahasha zimechanganyika.

Nimeambiwa anaishi Kimisagara, juu kule kwenye vichochoro, na kwamba bado anabeba agataro. Mtoto wake sasa ni kijana. Sijui kama atatufungulia mlango, na akikataa fedha hizi nitaiacha bahasha kizingitini nirudi. Nimeshindwa kwenda peke yangu. Miguu haikatai, ni moyo. Wewe hakujui, hujawahi kumkosea, na una sura ya baba yako ambayo watu huiamini.

Kwa hiyo ukishuka Nyabugogo usipande pikipiki kuja moja kwa moja. Nipigie, nitashuka na khanga ya njano unione kwa mbali. Begi lako tutaliacha kwa muuza matandiko ninayemfahamu pale stendi. Kimisagara ni hapo karibu, ila ni ngazi tupu, kwa hiyo safiri na viatu vya kupandia.

Ni mimi shangazi yako,
Biryogo